Dumu la maji ya ziwa dirishani: viumbe wadogo wanaobadilika kila wiki

Miezi mitatu iliyopita nilichota maji ya Ziwa Victoria kule Igombe, lita tano hivi, nikayaleta nyumbani Kiseke kwa bodaboda. Niliyamimina kwenye dumu la plastiki linaloonyesha ndani, lile la maji ya kunywa, nikiwa nimelikata shingo. Chini niliweka mchanga kiasi cha viganja viwili na kijiti cha majani yanayoota majini. Kisha nikaliweka dirishani, mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua kali la mchana. Samaki sikuweka.

Jirani yangu, mama mmoja anayeuza dagaa, alipita siku ya nne akalikuta dumu limekuwa kama maji yaliyooshewa mchele.

"Mwanangu, haya maji yameoza. Unayamwaga lini?"

"Shikamoo mama. Siyamwagi, nayasoma."

Alicheka sana. Wiki mbili baadaye alirudi mwenyewe kuangalia, akakuta maji yameng'aa, unaona mpaka punje za mchanga chini. Akaniuliza nimeweka dawa gani. Sikuweka dawa. Sikubadilisha maji, wala sikuyachuja. Waliosafisha maji yale ni viumbe wadogo ambao macho yetu hayawaoni, na walikuwa wakila viumbe wengine wadogo zaidi yao.

Makala haya yanaeleza kilichotokea ndani ya dumu hilo wiki hadi wiki, kwa sababu mambo hayo hayo ndiyo yanayotokea ziwani tunakochota, tunakooga na tunakovua. Pia yanaeleza mambo matatu ambayo mtu anayeishi kando ya ziwa anapaswa kuyajua kuhusu maji ya kijani, konokono na kipindupindu.

Utaonaje kisichoonekana?

Hadubini ya maabara ni ghali, na shule nyingi za vijijini hazina. Lakini simu yako inaweza kukusogeza mbali. Tafuta ile kurunzi ndogo ya leza, yenye mwanga mwekundu, ambayo machinga wanaiuza na watoto wanachezea. Ndani yake, mbele, kuna kilenzi kidogo kama punje ya dengu. Kitoe taratibu, kibane katikati ya pini ya nywele, kisha bandika pini hiyo kwa gundi ya karatasi ili kilenzi kikae sawasawa juu ya jicho la kamera ya simu. Weka tone la maji juu ya kipande cha kioo au plastiki safi, mulika kwa tochi kutoka chini, halafu sogeza simu karibu sana, milimita chache tu. Ukiona ukungu, kigeuze kilenzi upande wa pili ujaribu tena. Ukikipatia, utaona tone zima limejaa vitu vinavyokimbia.

Njia ya pili haihitaji simu kabisa, na watoto huipenda zaidi. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta maji ya dumu, kisha lifunge wima kwenye kiti ili tone moja lining'inie mdomoni bila kudondoka. Chumba kiwe giza. Pitisha mwanga wa leza katikati ya tone kuelekea ukuta mweupe ulio umbali wa mita mbili. Tone lenyewe hugeuka kuwa lenzi, na vivuli vya viumbe waliomo vinaogelea ukutani vikubwa kama kiganja. Angalizo moja tu: leza isimulikwe machoni mwa mtu, na asiwepo mtoto wa kuichungulia.

Usidhani ni mchezo wa kitoto. Mwaka 1674 mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alichota maji ya ziwa dogo la jirani yaliyokuwa na mawingu ya kijani, akayatazama kwa kilenzi kimoja kidogo alichokisugua mwenyewe. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuona viumbe hao na kuwaandika. Kifaa chake hakikuwa na mengi zaidi ya kilenzi, pini na subira. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walirudia wazo hilo kwa kutengeneza hadubini ya karatasi inayokunjwa, ambayo vifaa vyake vyote havifiki gharama ya dola moja.

Wiki za mwanzo: wingu, kisha walaji wa wingu

Ule weupe wa siku ya nne ulikuwa bakteria. Nilipochota maji na kuyasafirisha, vipande vya majani na vijidudu vingine vilikufa njiani na kuanza kuoza. Bakteria wakapata chakula. Bakteria mwenye chakula na joto la Mwanza haongezeki kama mbuzi, mmoja kwa mwaka. Anagawanyika mara mbili, na baada ya saa moja au pungufu kila kipande kinagawanyika tena. Kwa kilenzi cha simu huwezi kumwona mmoja mmoja. Unaona ukungu tu.

Siku ya sita ukungu ulianza kuwa na nukta zinazotetemeka. Hao ni viumbe wa seli moja wenye mkia mwembamba kama mjeledi, ambao huutumia kujisukuma. Walikuja kwa sababu wanakula bakteria. Siku mbili tatu baadaye wakatokea wengine wakubwa zaidi, wenye umbo la haragwe na vinyweleo pembeni. Kisha, wiki ya pili, akaingia paramesiamu.

Paramesiamu ndiye nyota wa dumu lolote. Ana umbo la soli ya ndala na urefu wa karibu robo ya milimita, hivyo mwenye macho makali anaweza kumwona kama kichembe cheupe dhidi ya kitambaa cheusi. Mwili wake wote umefunikwa na vinyweleo vinavyopiga makasia, na ubavuni ana mfereji unaovuta bakteria kuelekea mdomoni. Hula mchana na usiku. Wingu lililomtisha jirani yangu liliishia tumboni mwa hawa, na ndiyo maana maji yakang'aa.

Mwaka 1912 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Lorande Woodruff, alieleza utaratibu huu baada ya kuchemsha nyasi kavu, kuyaacha maji yake wazi na kuyapima siku hadi siku. Aliona kwamba wageni hawaji ovyo. Wenye mjeledi hutangulia, wenye umbo la haragwe hufuata, kisha paramesiamu, kisha votisela, na amiba huja mwishoni. Kila kundi linastawi, linakula kinacholifaa, linaacha uchafu wake, na kwa kufanya hivyo linayageuza maji yawe mabaya kwake na mazuri kwa mwingine. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumeona jambo kama hilo kwenye shamba lililoachwa: kwanza yanaota majani, kisha vichaka, kisha miti, na kila mmoja anamfukuza aliyemtangulia kwa kivuli chake.

Dumu langu halikufuata orodha ya Woodruff neno kwa neno, maana maji ya ziwa huja na wakazi wake tayari. Wiki ya tatu votisela walikuwa wamejishika kwenye majani. Wanafanana na kengele ndogo juu ya shina, na ukigonga dumu shina linajikunja ghafla kama springi. Walikuwepo pia rotifa, wenye vinyweleo kichwani vinavyozunguka mpaka unadhani wana magurudumu mawili.

Na walikuwepo wale ninaowapenda kuliko wote, kopepodi. Hawa hawahitaji lenzi. Ni vinukta vyeupe vinavyoruka majini kwa kushtukashtuka, kama viroboto, na majike hubeba mifuko miwili ya mayai pembeni mwa mkia. Jirani yangu nilimwita awaone, kwa sababu biashara yake inawategemea. Dagaa wa Ziwa Victoria hula hawa. Ndoo ya dagaa inayouzwa sokoni ilikuwa vinukta hivi muda si mrefu uliopita, na vinukta navyo vilikula mwani na viumbe wa seli moja. Mama aliinama akatazama kwa muda, akasema, "Kumbe hawa dagaa wanakula vizuri kutuzidi."

Kuanzia wiki ya nne kuta za dumu zilianza kupata utando wa rangi ya kahawia ya dhahabu. Huo ni mwani wa aina ya diatomu. Kila diatomu hujijengea ganda la kioo kutokana na silika iliyoyeyuka majini, silika ile ile inayotengeneza mchanga na kioo cha dirisha. Baada ya hapo kijani halisi kikaanza kutokea upande unaopata mwanga zaidi. Dumu lilikuwa limetulia: mwani ukitoa oksijeni mchana, walaji wakiula, uchafu wao ukirudi kuwa mbolea ya mwani. Ningeweza kuliacha hivyo mwaka mzima.

Tonge la ugali

Wiki ya sita mtoto wa nyumbani, kwa huruma, aliwaona kopepodi wanarukaruka akadhani wana njaa. Alitumbukiza tonge la ugali.

Asubuhi yake maji yalikuwa meupe tena. Kesho yake yalinuka kama yai viza, na kopepodi wote walikuwa chini, wamekufa. Hawakufa kwa sumu ya ugali. Bakteria walikuta karamu, wakaongezeka, na katika kuoza ugali wakavuta oksijeni yote iliyokuwamo majini. Ukitazama tone la chini halikuwa na mtu. Juu kabisa, kwenye ngozi ya maji inapogusana na hewa, viumbe wachache wenye vinyweleo walikuwa wamejazana kama abiria kwenye mlango wa daladala.

Dumu lilichukua wiki tatu kujirudi, na halikurudi kama lilivyokuwa. Utando wa kahawia ulipungua. Badala yake ulikuja ukijani wa namna nyingine, wenye vichembe kama vumbi, ambao usiku usio na mtikisiko ulipanda wote juu na kufanya pete shingoni mwa maji. Nitaurudia ukijani huo.

Nitaje hapa jambo kwa wale wanaofikiria kufuga samaki, iwe kwenye tangi la kioo au bwawa dogo. Samaki wengi hufa wiki za kwanza, na mwenye nao husema "wamelogwa" au "mbegu ilikuwa mbaya". Mara nyingi ni dumu langu na tonge la ugali. Samaki anapokula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kuna wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo sana. Bakteria hawa wawili huota polepole juu ya mawe na mchanga, na huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Anayejaza samaki siku ya kwanza, halafu akawalisha sana, anawaua kabla wafanyakazi hawajafika kazini.

Ziwa nalo lilitupiwa tonge

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 na kina kisichozidi mita 80 hivi. Ni pana kuliko mengine yote Afrika, lakini ni la kina kifupi, na maji yake hukaa humo miaka mingi kabla ya kutoka kwa Mto Nile pale Jinja. Kinachoingia hukaa. Kwa hiyo si vibaya kulifikiria kama dumu.

Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham na E. B. Worthington walizunguka ziwa wakifanya uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi wake. Wakati huo sahani nyeupe iliyoshushwa kwa kamba kwenye maji ya katikati ya ziwa iliweza kuonekana mita kadhaa chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jack Talling alipima mwani wa ziwa akiwa Uganda, na alikuta diatomu, wale wa ganda la kioo, wakiwa na nafasi kubwa. Watafiti waliorudia vipimo hivyo kufikia miaka ya 1990 walikuta ziwa jingine. Mwani ulikuwa umeongezeka mara kadhaa, silika iliyoyeyuka imeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi, aina kubwa za diatomu zimepungua, na walioshika nafasi ni bakteria wa kijani-buluu.

Tonge la ugali katika habari hii ni fosforasi na naitrojeni: udongo unaobebwa na mvua kutoka mashamba na vilima vilivyokatwa miti, moshi na vumbi la kuchoma misitu na nyasi linaloshuka na mvua, maji machafu ya miji, na mbolea. Wataalamu wengi huongeza kwamba kupotea kwa aina nyingi za furu, hasa hapa Ghuba ya Mwanza sangara alipoongezeka miaka ya 1980, kulibadilisha pia nani anakula nini, maana baadhi ya furu walikula mwani na wengine walikula vijidudu vinavyokula mwani. Kipi kilikuwa na uzito zaidi bado wanabishana. Mimi naona fosforasi ndiyo mzigo mkubwa, kwa sababu dumu langu halikuwa na sangara wala furu, na bado ukijani ulishika baada ya tonge moja.

Bakteria wa kijani-buluu wana ujanja mara mbili. Kwanza, baadhi yao huvuta naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani, kama mizizi ya maharage inavyofanya kwa msaada wa bakteria wake, hivyo wakipata fosforasi hawahitaji zaidi. Pili, wengi wana vijipuli vya gesi ndani ya seli. Maji yakitulia hupanda juu na kuwatia wengine gizani. Ndiyo maana majira yana maana. Upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti hulikoroga ziwa hadi chini, na diatomu, ambao ni wazito, hunufaika kwa kubebwa. Upepo ukitulia na joto likirudi, wale wa vijipuli wanapanda na kujikusanya kwenye ghuba na mialo.

Jaribio la chupa

Sasa narudi kwenye ile pete ya kijani. Ukikuta maji ya mwaloni yamekuwa kijani na hujui ni mwani wa kawaida au bakteria wa kijani-buluu, chupa ya plastiki isiyo na rangi inaweza kukusaidia. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, chota maji hadi robo tatu ya chupa, funga, futa nje, kisha iweke kivulini usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi itazame. Kijani kikiwa kimepanda chote juu na kufanya pete au tabaka, shuku bakteria wa kijani-buluu. Kikiwa kimezama chini, au kimebaki kimeenea sawasawa, yaelekea ni mwani mwingine. Jaribio jingine ni kijiti: ukichovya kwenye ukijani na kutoa nyuzi ndefu kama nywele, hizo ni za mwani wa kawaida, lakini kikitoka kimepakwa kama rangi ya mafuta, kaa mbali.

Majaribio haya hayakuambii kama kuna sumu. Yanakuambia kama kuna wanaoweza kuitengeneza. Aina mojawapo, maikrosistisi, hutengeneza sumu iitwayo maikrosistini, ambayo hudhuru ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Utafiti uliofanyika Ghuba ya Mwanza mwaka 2002 ulikuta bakteria hao na sumu yao, kiasi cha juu kikiwa karibu na kikomo hicho. Hicho ni kipimo cha maji yaliyochanganyika. Utando mzito unaosukumwa na upepo hadi ukingoni hubeba seli nyingi zaidi, na hapo ndipo watoto wanapooga na ng'ombe wanapokunywa.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Kuchemsha huua bakteria, lakini hupasua seli na kumwaga sumu iliyokuwa ndani. Agosti 2014 wakazi zaidi ya laki 4 wa Toledo na jirani zake, Marekani, wanaotumia maji ya Ziwa Erie, walikatazwa kunywa maji ya bomba na wakaambiwa waziwazi wasiyachemshe, kwa sababu hiyo hiyo. Kuweka vidonge vya kutibu maji kwenye ndoo iliyojaa utando nako hakufai, kwa maana seli zitapasuka vilevile. Cha kufanya ni kutochota kwenye utando. Tumia bomba au kisima kilichopimwa siku hizo. Kama huna pengine, ingia kwa mtumbwi hadi maji yasiyo na ukijani. Mifugo izuiwe. Samaki waoshwe na kutolewa matumbo na maini, kwa sababu sumu hukaa humo zaidi kuliko kwenye mnofu.

Konokono usimguse

Nikiwa nachota maji Igombe nilikuta konokono wadogo bapa kwenye majani. Niliwaacha hukohuko, na nakushauri ufanye hivyo. Konokono hawa wa jamii bapa ndio hubeba kichocho cha tumbo, ambacho ni kingi kando ya ziwa letu. Konokono aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kabisa, ukamweka kwenye dumu, na wiki kadhaa baadaye akaanza kutoa mamia ya vijidudu kila siku, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukiwaona kwa kilenzi utawatambua: mwili mdogo na mkia uliogawanyika mwishoni kama uma. Hawahitaji jeraha. Hupenya ngozi nzima kwa dakika chache.

Wasipompata mtu hawaishi zaidi ya siku mbili. Kwa hiyo maji ya ziwa yaliyokaa saa 48 kwenye chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono hata mmoja, hayana tena hatari ya kichocho kwa kuoga. Kwenye dumu lenye konokono, muda haukusaidii kitu. Konokono aliyeanguliwa humo humo kutokana na yai ni salama, maana kichocho hakirithiwi. Humpata konokono pale kinyesi au mkojo wa mtu mgonjwa unapoingia majini.

Kanga kuukuu

Wale kopepodi ninaowasifia wana upande mwingine. Bakteria wa kipindupindu hupenda kujishika kwenye maganda yao, na kopepodi mmoja anaweza kubeba maelfu. Mtafiti Rita Colwell na wenzake walilitumia jambo hilo huko Matlab, Bangladesh. Waliwafundisha akina mama kuchuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa tabaka kadhaa, na matokeo waliyochapisha mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kupungua kwa karibu nusu katika vijiji hivyo. Kitambaa hakiwezi kumzuia bakteria aliye peke yake. Kinamzuia kopepodi aliyembeba.

Sisi hatuvai sari, lakini kanga ya pamba ipo kila nyumba. Iwe kuukuu, kwa sababu nyuzi zilizofuliwa sana hulegea na kuziba matundu. Ikunje iwe tabaka nne au zaidi, ifunge mdomoni mwa ndoo, mimina taratibu. Baada ya hapo geuza kanga, isuuze, ianike juani. Kisha, kwa maji yasiyo na utando wa kijani, chemsha au weka kidonge kama kawaida. Kuchuja ni hatua ya kwanza, si badala ya hizo nyingine. Nilijaribu kwa maji ya dumu langu: tone la kabla lilikuwa na kopepodi watatu, na katika matone kumi ya baadaye sikuona hata mmoja. Paramesiamu wachache walipita.

Dumu bado lipo dirishani. Likichakaa nitamwaga maji yake kwenye udongo mkavu, mbali na kisima na mfereji, na majani nitayaanika yafe kabla ya kuyatupa, tusije tukahamisha magugu au konokono kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Jumamosi iliyopita jirani yangu alikuja na chupa yake mwenyewe, ameichota kule mwaloni anakonunua dagaa na kunawia mikono. Tuliiacha kivulini usiku kucha. Asubuhi alifika kabla sijaamka, nikamkuta amesimama dirishani, chupa haijaguswa, na pete ya kijani imekaa shingoni.